Udongo wa Kichuguu cha Myanga

Wazee wa kanisa walikula kwanza, ndipo wakahukumu. Ndivyo walivyozoea. Kuku alikuwa wa Nasambu, kuni zilikuwa za Nasambu, na mshtakiwa alikuwa Nasambu huyo huyo, aliyepiga magoti kuwanawisha mikono mmoja baada ya mwingine huku wakitazama pembeni kana kwamba maji yanajimimina yenyewe. Bramwel, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Alipewa firigisi kama ada ilivyo, akaitafuna taratibu, akajipangusa midomo kwa mkono wa shati, kisha akasema mama yule aeleze tena, kwa ufupi, upuuzi aliousema kanisani Jumapili.

Nasambu akaeleza. Mtoto wake wa pekee, Wilkista, alikuwa amechukuliwa na surua mwaka uliotangulia, na tangu hapo sala ilimkwama kooni. Alikwenda kanisani, alifumba macho kama wenzake, lakini ndani hapakuwa na neno. Basi alasiri moja baada ya mvua alikwenda kukamata kumbikumbi kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba la wimbi. Alisimika fito, akafunika kwa blanketi, akaacha tundu la kuwanasia, akaketi kupiga vijiti pole pole ili wadudu wadhani mvua inanyesha tena, watoke. Kila mwanamke wa Myanga anaijua kazi hiyo, na wazee wote waliokuwa mle ndani walikuwa wamelishwa nayo tangu utotoni. Akiwa hapo alihisi kuna aliyeketi kando yake. Hakugeuka. Alimjua, kama mtoto anavyomjua mamake gizani.

"Alikuwa amechoka," Nasambu alisema. "Hakuniambia kitu. Na mimi sikumwomba kitu. Tulikaa tu pamoja mpaka kumbikumbi wakaisha kutoka. Halafu nikaona nimelia, na kifua kimekuwa chepesi."

Mzee mmoja aliuliza kama huyo Mungu naye alikula kumbikumbi, na wenzake wakacheka, mafuta ya kuku yakiwa bado yanang'aa videvuni. Bramwel hakucheka. Alisema Mungu hachoki, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Alisema Mungu ana kiti chake mbinguni, hawezi kuja kukaa matopeni na mwanamke mwenye kikapu. Anayekaa vichuguuni ni pepo. Tena serikali ilikuwa inawasaka watu wa dini mpya kote Bungoma, wengine walikuwa wamefungwa, na yeye hakuwa tayari kuona boma la baba yake linavamiwa na askari kwa sababu ya ndoto za shemeji yake. Basi Jumapili ijayo asimame mbele ya watu aseme alilala akaota. Akikataa, jina lake litafutwa kanisani.

"Nikisema niliota, nitakuwa nimemfukuza," Nasambu alijibu. "Siwezi, shemeji. Alikuja."

Wakamfuta. Waliondoka wakiwa wameshiba, na mmoja wao akafungiwa paja lililobaki kwenye jani la mgomba ampelekee mkewe.

Baada ya hapo wanawake aliokuwa akifua nao mtoni walianza kusogea juu zaidi, maji yao yasichanganyike na yake. Hata yule aliyemkata kitovu Wilkista alipita njiani akijifanya anatafuta kitu kwenye nyasi. Mumewe, Festus Khaemba, aliitwa kutoka Kitale, ambako alikuwa fundi wa nguo kwenye baraza la duka la Harnam Singh. Alikuja, akamsikiliza kaka yake kwa muda mrefu na mke wake kwa muda mfupi, akamwambia Nasambu afunge mzigo. Wakapanda lori kwenda Kitale. Si kwa mapenzi alimchukua. Aliona haya tu, na haya hufichwa mbali.

*

Huko Kitale, mtaa wa Tuwan, walikuwa na chumba kimoja cha udongo na ua mdogo uliozungukwa na vyumba vya watu wengine. Festus alimwonya Nasambu afunge mdomo, naye akaufunga. Alilima kijibustani cha mboga, akauza kunde na mrenda, akawasalimia majirani na kuishia hapo. Huenda angekaa hivyo mpaka uzeeni lau si Jerono.

Jerono alikuwa mwanamke wa kutoka Saboti, mkewe mkata kuni, aliyehamia vyumba viwili kutoka kwao. Asubuhi moja walikuwa wote bombani wakingoja zamu, na mtoto wa mtu akalia. Jerono akaangusha debe lake akaketi chini kwenye tope. Nasambu alimwinua, akamleta nyumbani, akampa uji. Jerono akasema, kwa Kiswahili chao cha kukutania, kwa maana mmoja alikuwa na Kibukusu chake na mwingine Kisabaot chake, kwamba alikuwa na kijana, Kimaiyo. Walikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu huko Saboti, wakichuma pareto. Kijana akashikwa na homa. Jerono akamwomba nyapara ruhusa, nyapara akakataa, akasema gunia kwanza. Aliporudi kambini jioni alimkuta Kimaiyo amekauka, mkono umeshika mlango.

"Alikufa peke yake," Jerono alisema. "Alikuwa anataka kutoka kunitafuta. Hiyo ndiyo inanila. Si kufa. Watoto wanakufa. Ni peke yake."

Nasambu alikuwa amemwahidi Festus kunyamaza. Lakini kuna maneno ambayo mtu akiyazuia mbele ya mwenye njaa nayo, ni sawa na kumnyima maji. Akamweleza habari ya kichuguu. Kisha akamwambia:

"Hakuwa peke yake, Jerono. Yule alikaa na mimi, alikaa na yeye. Hakuweza kumponya, sijui kwa nini hakuweza. Lakini alikaa. Alikuwa hapo mlangoni na yeye."

Jerono aliweka kichwa chake juu ya goti la Nasambu, akalala usingizi hapo hapo, mchana kweupe, mtu ambaye kwa miezi hakuwa amelala vizuri.

Baada ya hapo Jerono alimleta mwanamke mwingine, naye akamleta mwingine. Jumapili alasiri wakawa wanakuja uani, wanaketi chini, wananyamaza. Hakuna wimbo, hakuna sadaka, hakuna aliyehubiri. Anayetaka kulia alilia, anayetaka kuchambua mboga zake alichambua. Wakikaa kitambo wanaondoka. Festus alipitia hapo akitoka kunywa chai, akatikisa kichwa, akasema wanawake wana muda wa kupoteza. Hayo ndiyo yalikuwa mazuri katika habari hii, na hayakudumu.

*

Habari zina miguu. Zilifika Myanga kwamba mke wa Festus amejaza watu Tuwan, na haikupita muda Bramwel akashuka kwenye lori pale sokoni, amebeba gunia begani. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mtu yule yule aliyetafuna firigisi ya Nasambu akamwita mwenye pepo, sasa alimsalimia kwa mikono miwili na kumwita nabii. Alisema Mungu amemfumbua macho. Alisema wale wazee wa kanisa ni wajinga, kana kwamba mwenyekiti wao alikuwa mtu mwingine.

Ndani ya gunia mlikuwa na udongo. Bramwel alikuwa amekibomoa kichuguu kile cha nyuma ya shamba la wimbi, amekiponda kwa mchi, amekichekecha kama unga.

"Mungu alikaa hapo," alieleza. "Si wewe ndio ulisema? Basi jasho lake liko hapo. Wamama wenye mimba si hula udongo wa kichuguu tangu zamani? Wamezoea. Sisi hatuanzishi kitu kipya."

"Shemeji, yeye hakutaka kitu."

"Yeye hataki. Sisi ndio tunakula," Bramwel alisema, na akamwangalia mdogo wake, na Festus akatazama viatu vyake.

Ikawa hivyo. Festus aliomba magazeti makuukuu kwa Harnam Singh, wakayakata vipande, wakafunga udongo kijiko kijiko kama watu wanavyofunga chumvi. Mara ya kwanza ulitolewa bure, kwa sababu Bramwel alijua kufuga wateja. Mara ya pili ukawa wa senti kumi, kisha thumuni. Nasambu alishonewa kanzu nyeupe na mumewe mwenyewe, akawekwa kwenye kiti cha pekee walichokuwa nacho, na wale waliokuwa wakiketi naye chini sasa walipangwa mstari. Bramwel alisimama mlangoni. Aliuliza kila mmoja shida yake, akipaza sauti ili wote wasikie: huyu anataka mume arudi, huyu anataka ng'ombe azae, yule anataka jirani apatwe na kitu. Watu wakajifunza kuomba. Uani pale palipokuwa na utulivu sasa palikuwa na kelele za mnada.

Lakini palinuka vibaya zaidi ya hapo. Gunia la Myanga lilipoisha, Bramwel hakusumbuka kwenda kuleta lingine. Nyuma ya vyoo vya Tuwan, kwenye mteremko ambako ndoo za uchafu zilikuwa zinamwagwa, kulikuwa na kichuguu kingine. Nasambu alimfuma asubuhi moja akikichimba kwa jembe, pua amejifunga kitambaa. Alijifunga mwenyewe pua, tazama. Wateja hakuwafunga midomo.

Nasambu alirudi akamweleza Festus, akidhani sasa mumewe atasimama. Festus alikuwa akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli mpya. Alisema udongo ni udongo. Nasambu alipoendelea, akasema yule ni kaka yake mkubwa, yeye afanye nini, na kwa vyovyote mke aliyemletea aibu yote ile awe na shukrani kwamba aibu imeanza kulipa. Kisha akazungusha pedali kuona kama mnyororo unapita vizuri.

Jumapili iliyofuata aliwaambia watu wasile udongo ule. Aliwaambia umetoka chooni. Bramwel akacheka kwa upole, akasema mnaona jinsi nabii alivyo mnyenyekevu, anataka kuwapima. Watu wakafurahi kupimwa. Mama mmoja akaula pale pale, mbele ya macho yake, akilamba karatasi.

*

Jerono alikuja na mtoto wake mdogo, Jeruto, amemfunga kifuani. Msichana alikuwa na umri wa kuanza kusimama, lakini siku hiyo shingo haikusimama. Alikuwa anaharisha tangu juzi. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama kama kitambaa. Midomoni alikuwa na mstari wa kahawia, na Nasambu aliutambua kabla hajaambiwa.

"Umempa?"

"Nimempa. Mzee ameniuzia tatu. Ameushika kidogo tumboni, sasa ametapika, lakini mzee anasema anatapika ugonjwa."

Nasambu alimwambia ampeleke hospitali ya serikali sasa hivi, haikuwa mbali, Festus angembeba kwa baiskeli. Bramwel alikuwa nyuma yao tayari. Alisema sindano na udongo havikai mwili mmoja, mama akikimbilia sindano amemtukana aliyekaa kichuguuni, na mtoto akifa asije kulia hapa. Wateja walikuwa wengi siku hiyo na wote walikuwa wanatazama. Alilisema hilo akiwa anawatazama wao, si mtoto. Festus alisimama karibu na baiskeli yake, mkono juu ya usukani, asiende mbele wala nyuma.

"Hospitali sitaki," Jerono alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ametulia, na utulivu huo ndio uliomtisha Nasambu. "Wewe ulinipa Kimaiyo tena. Mimi nilikuwa nimekufa, ukaniamsha. Mungu wako nitamwacha leo? Sitamwacha."

Nasambu akasimama kutoka kwenye kiti. Alivua ile kanzu, akabaki na gauni lake la bustanini, akasema kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia kwamba yeye hakumwona Mungu. Hakuna aliyekaa naye. Alikwenda kukamata kumbikumbi, jua likamchoma, akasinzia. Mengine aliyatunga ili watu wamwone na yeye ni mtu.

Alikuwa hajawahi kusema uongo mkubwa kiasi hicho, na ulimini alihisi kama amelamba ile karatasi.

"Anawapima," Bramwel akadakia. "Ndugu zangu, leo ni siku kubwa, anawapima."

Watu wakapumua. Wengine wakatabasamu. Jerono naye akatabasamu kidogo, akamsogeza mtoto begani, na kichwa cha mtoto kikaanguka upande wa pili.

"Mimi najua unanipima," alisema. "Kwa sababu mtu hawezi kutunga hiyo ya Kimaiyo. Ati alikaa na yeye mlangoni. Hiyo haiwezi kutoka kwa kichwa ya mtu."

Hapo Nasambu akaona shina lilipo. Jerono hakuwa ameshikilia udongo, wala hakumwamini Bramwel. Alikuwa ameshikilia ule mlango wa kambi, na yule aliyeketi hapo na mtoto wake. Mradi hilo limesimama, hataondoka. Na lilikuwa ndilo jambo la kweli kuliko yote Nasambu aliyowahi kumwambia mtu.

Alipiga magoti mbele yake, uso kwa uso, Bramwel asipate pa kuingilia.

"Jerono, nitazame. Nilikuonea huruma tu. Ulikuwa unalia, nikatafuta kitu cha kukunyamazisha."

"Unanipima."

"Sikupimi. Hapakuwa na mtu. Kimaiyo alikufa peke yake."

Jerono aliendelea kumtazama, akitafuta usoni pake mahali popote pa kushika. Nasambu hakumpa.

"Peke yake," Jerono alisema.

"Peke yake. Aliita, hakuna mtu alisikia. Mbingu haina mtu wa kukaa na watoto. Huyu naye atakufa hivyo hivyo ukimwacha hapa."

Jerono alimtemea mate. Yalimpata jichoni na kwenye shavu. Kisha akafunga shuka kwa mafundo mawili, akawasukuma waliokuwa mbele yake, akatoka. Walimwona akipita kwenye njia ya hospitali, kwanza kwa mwendo wa haraka, halafu mbio.

*

Watu walidai pesa zao. Bramwel aliwaambia waende wakamdai yule mwongo, akaingia ndani akafunga mlango, na kwa kuwa mlango ulifungwa, walichobaki nacho ni Nasambu. Walimrushia vile vifurushi vya udongo, mmoja akamvuta nywele, mama yule aliyelamba karatasi akampiga kofi. Festus aliisogeza baiskeli yake kando isije ikapata mkwaruzo.

Walipokwisha kuondoka Nasambu aliketi chini uani, udongo kichwani na ndani ya gauni. Alikaa hapo kwa muda. Hakugeuka kutazama kama kuna aliyeketi kando. Aliona haya.

Bramwel alirudi Myanga juma lile lile, akasimama kanisani, akaungama kwamba shetani alimteka kwa kumtumia mwanamke. Alilia kwa uzuri. Wakamkumbatia, wakamrudishia uenyekiti, na nyumbani kwa mtu akachinjiwa kuku. Festus alirudi kwenye cherehani yake na kumwambia kila mteja kwamba amevumilia mengi. Mwenye kujua jinsi dunia inavyokwenda hatashangaa. Atatema tu.

Nasambu aliendelea kuuza mboga, kwa wale waliokubali kununua kwake. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu mtoto, na yeye hakuwa na wa kumuuliza. Alipita karibu na hospitali mara nyingi akiwa na kikapu, asithubutu kuingia. Mpaka siku moja ya soko, akiwa ametandika kunde zake kwenye gunia, akamwona Jerono akija na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni.

Mtoto alikuwa macho. Alikuwa anatafuna kitu, shavu limejaa, anawaangalia watu. Nasambu akainuka nusu bila kujua. Jerono akamwona. Akasimama katikati ya njia, akashika kuni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akavuta shuka akamfunika Jeruto uso wote, kama mtu anavyomkinga mtoto na jicho baya. Akavuka upande wa pili, akapita.

Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umebaki nje ya shuka, mnene, ukipigapiga ubavu wa mamake. Nasambu aliutazama mpaka ukapotea kati ya watu. Kisha mteja akamuuliza bei ya kunde, naye akamjibu.